Matofali ya Mfinyanzi

Jembe likitoka dukani hung'aa. Huwa pana, zito, na kila anayeingia shambani hulikimbilia hilo kwanza. Misimu ikipita, mawe hulila na mchanga hulisugua, mpaka kinabaki kipande chembamba kisichozidi kiganja cha mkono. Kipande hicho huitwa kiselema, na wengi hukitupa nyuma ya nyumba kuku wakichezee. Mkulima anayeijua kazi hukitazama mara ya pili, kwa maana kilichobaki ni chuma kilichoyashinda mawe. Waumini wa Unyamsisi walisahau kutazama mara ya pili, na usahaulifu huo nusura uwatupe njiani.

Unyamsisi ni kijiji cha Wanyaturu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ikungi. Ni nchi ya majabali na upepo. Majabali yamekaa kama ng'ombe waliolala, na upepo wa huko haupigi hodi. Unaingia, unachukua kofia yako, unaondoka nayo. Kanisa la Presbiteri lilifika hapo mwaka 1988, likakuta wenzake wamekwisha kutangulia: Wakatoliki wana kengele, Walutheri wana kwaya, Waislamu wana msikiti wenye bati jipya. Wapresbiteri walikuwa watu saba. Walisali katika ghala la chama cha ushirika, chama kilichokufa bila matanga, kikaacha panya, harufu ya magunia na mizani isiyopima kitu.

Watu waliwacheka. Waliposikia kwamba kanisa hilo huongozwa na wazee wanaochaguliwa kwa kura za washirika, wakalibatiza jina. "Hilo ni kanisa la wazee," walisema kilabuni. "Vijana mtasali wapi?" Hata hivyo, saba wakawa ishirini, ishirini wakawa hamsini, na kufikia mwaka 1994 washirika walikuwa tisini na wanne. Walikuwa na wazee watano wa kanisa, wote wanaume, na mwinjilisti kijana aitwaye Manase, aliyetoka Mitundu na baiskeli moja, Biblia moja na sauti inayoweza kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Miongoni mwa wale saba wa mwanzo alikuwapo Asnath, mjane wa miaka hamsini na minane, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Peniel. Alikuwa mfinyanzi. Mama yake alikuwa mfinyanzi na bibi yake pia. Mgongo ulikuwa umeanza kupinda, meno mawili ya mbele yalikuwa yamemuaga, na viganja vyake vilikuwa vikavu kama gome la mti. Zamani hakuna aliyeoa Unyamsisi bila kupita uani kwake kuchukua mtungi. Kisha soko likafunguliwa. Malori yakaanza kufika mnadani Ikungi yakiwa yamejaa ndoo za plastiki, nyekundu na bluu, na masufuria mepesi kama karatasi. Soko huria lilipofunguliwa kwa wengine, kwake lilifungwa. Siku moja alikaa mnadani tangu asubuhi hadi jua kuzama, akarudi na mitungi yote aliyokwenda nayo.

"Mama Peniel," alimtania Alphonce, mfanyabiashara aliyekuwa wa kwanza kuleta ndoo hizo, "mfinyanzi hulia gaeni, lakini wewe sasa hata hicho kigae utakosa cha kutia ndani."

"Ndoo yako ikipasuka, Alphonce," alijibu, "njoo uniambie umeiziba kwa nini."

Watu walicheka, lakini hawakununua. Tangu siku hiyo mitungi yake ikawa inapangwa nyuma ya nyumba, mmoja juu ya mwingine, ikisubiri wateja waliokuwa wamehama.

Mwezi wa tano mwaka huo, Alphonce alileta mashine ya kukamua alizeti. Mashine inataka nyumba, na nyumba kubwa kijijini ilikuwa moja tu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Simeoni, aliwaita Wapresbiteri ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuulizwa maendeleo ya kijiji yako wapi.

"Ndugu zangu," alisema, "ghala linapata mpangaji. Mashine hii ni ya kijiji kizima, siwezi kuizuia. Lakini siwafukuzi. Nawapa kiwanja pale barabarani, karibu na lambo."

Manase alitaka kushukuru. Simeoni akainua kidole.

"Sijamaliza. Kiwanja cha barabarani hakiwekwi kama nguo ya sikukuu. Kuta zifike usawa wa renta, juu ya milango na madirisha, ifikapo tarehe kumi na tano Novemba, kabla mvua hazijashika. Zisipofika, kinarudi kijijini, na barua ya kukiomba ninayo tayari."

Hakuna aliyeuliza barua ni ya nani. Alphonce alikuwa amekaa pembeni akifuta vumbi kwenye kiatu chake.

Kwa upande mwingine, wakubwa wa Presbiteri walikuwa wameahidi kutoa mabati kwa kundi lolote litakalosimamisha kuta zake lenyewe. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama mchana: wakipata kuta, watapata paa na kanisa; wakikosa kuta, watu tisini na wanne watarudi majumbani mwao, na kanisa la Unyamsisi litabaki kuwa hadithi ya kuchekesha kilabuni.

Kamati ya ujenzi iliongozwa na Mzee Zefania, mzee wa kanisa wa kwanza kuchaguliwa. Alikuwa karani wa ushirika enzi zake. Alivaa tai hata kwenye palizi, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote kijijini, na alipozungumza alisimama kama mtu anayepigwa picha. Ni yeye aliyechagua udongo wa kufyatulia matofali. Aliwapeleka washirika mbugani, kando ya lambo, akachota udongo mweusi tii, akauinua juu.

"Huu ndio udongo unaotulisha," alisema. "Mtama wa hapa unampita mtu kwa urefu. Udongo uliozaa mtama kama ule utashindwa kuzaa kanisa?"

"Hautashindwa!" waliitikia, maana wote walikuwa wakulima, na mkulima huupima udongo kwa kile kinachoota juu yake.

Asnath aliinama, akachukua donge, akalivingirisha kati ya viganja. Kisha akaweka kidogo ulimini. Akatema.

"Mzee Zefania," alisema, "samahani. Udongo huu una magadi. Tena una kiu. Ukiloa unavimba, ukikauka unasinyaa. Mtama unaupenda kwa sababu unashika maji. Tofali halitaki kushika maji."

Zefania alitabasamu vile mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Mama Peniel, hapa hatufinyangi vyungu."

Vicheko vikalipuka. Labda angeishia hapo, asingekuwa na watu mbele yake. Lakini vicheko ni pombe ya msemaji, naye akaongeza bakuli la pili.

"Kanisa ni shamba kubwa, mama. Shamba kubwa hulimwa kwa jembe zima. Kiselema tukipumzishe."

Neno lilimchoma Asnath kama kaa la moto. Angeweza kufunga khanga yake vizuri na kwenda nyumbani. Hakwenda. Aliinua ndoo, akashuka lamboni, akaungana na akina mama wengine kuchota maji ya kukandia ule udongo uleule aliokuwa ameukataa. Miezi miwili alichota maji kwa kazi asiyoiamini, kwa sababu hakuchukia kanisa. Alichukia udongo tu.

Matofali yalifyatuliwa maelfu. Yalipoanikwa, upepo wa Julai uliyapitia kama mwizi, na baada ya siku nne yakaanza kuchora nyufa. "Nyufa ndogo ni kawaida," alisema Zefania. "Moto utaziba." Walikata kuni mpaka kichaka kilichokuwa nyuma ya lambo kikabaki visiki, wakapanga tanuri, wakachoma. Mwisho wa Agosti wakalifungua. Zefania alichukua tofali la kwanza kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu apokeaye mtoto wa ubatizo. Likamegeka. Akachukua la pili, likamomonyoka kama ugali wa jana. La kumi, la ishirini, yote yalikuwa hivyo hivyo. Jioni ile kiwanjani palikuwa na lundo la vipande vyeusi na watu waliokosa mahali pa kuweka macho yao.

Alphonce alipita na pikipiki. Akaizima ili asikike vizuri.

"Mzee Zefania, mmechoma udongo au mmechoma imani?"

Jumapili iliyofuata watu kumi na mmoja hawakuja kusali.

Waliokuja walikaa kwenye mabenchi juani, lile lundo likiwa mbele yao kama maiti ambaye hakuna anayetaka kumzika. Manase alisoma neno fupi, kisha akafunga Biblia.

"Zimebaki wiki kumi," alisema. "Mimi ni mwinjilisti, si fundi. Mwenye neno aseme."

Upepo ulivuma. Kisha Mzee Zefania akasimama. Kwa mara ya kwanza watu walimwona bila tai, na shingo yake ilionekana nyembamba kuliko walivyodhani.

"Nilimcheka mtu mbele yenu," alisema. "Basi nimuulize mbele yenu. Mama Peniel, siku ile mbugani, ulionja nini?"

Asnath hakuinuka mara moja. Alikuwa amengoja miezi mitatu kuulizwa swali hilo, na lilipofika aligundua kwamba hana haja ya kulipiza. Alifungua pindo la khanga yake, akatoa pete tatu za udongo mkavu, kila moja ukubwa wa kidole, akaziweka juu ya benchi.

"Nilionja magadi, Mzee. Tazameni. Juzi nilizungusha udongo kwenye kidole changu, aina tatu. Huu wa mbugani umepasuka mahali panne. Huu ni wa kichuguu peke yake, umepasuka mara moja. Huu wa tatu ni kichuguu, mchanga wa korongoni na vigae vilivyotwangwa." Aliitupa ile pete ya tatu juu ya jabali. Ikaruka, ikadunda, ikatulia nzima. "Huu haujapasuka. Chungu kikivunjika, usikitupe. Kitwange, ukitie kwenye udongo mpya. Kigae kimekwisha kuujua moto. Kinamfundisha mwenzake."

Zefania aliiokota ile pete. Akaigeuzageuza. Akamkabidhi Manase, Manase akampa jirani yake, ikazunguka benchi hadi benchi.

"Tuambie tuanze wapi," alisema Zefania.

"Kwa kuomba," alijibu Asnath. Manase alikuwa ameshainamisha kichwa, akadhani anazungumzia sala. "Baadaye, Mwinjilisti. Kwanza tukaombe kichuguu."

Kichuguu kikubwa kuliko vyote kilikuwa shambani kwa Mzee Mughwai, muadhini wa msikiti. Kilikuwa kirefu kama nyumba, chekundu, na kilikuwa kimelikalia shamba hilo tangu enzi za baba yake. Asnath alikwenda na Zefania siku ileile. Walimkuta mzee akichonga mpini.

"Shikamoo, Mzee Mughwai."

"Marahaba, Mama Peniel. Marahaba, karani. Mbona mmekuja mikono mitupu, mtungi wangu uko wapi?"

"Leo sikuleta. Nimekuja kukuomba kichuguu."

Mzee aliacha kuchonga. "Kichuguu? Watu huja kuniomba mbuzi."

"Tunataka udongo wake tufyatulie matofali ya kanisa."

"Mama, kile kitu kimenila robo eka miaka yote. Nimekipiga sururu, nimekimwagia majivu, nimekitukana kwa Kiarabu na kwa Kinyaturu. Hakisikii lugha yoyote. Leo Presbiteri mtakihamisha?"

"Tutakihamisha chote," alisema Zefania.

"Basi chukueni na mchwa wake, mkawabatize." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama Asnath, uso ukiwa umetulia. "Mtungi ninaotawadhia ni kazi yako. Una miaka kumi na minane, haujawahi kuvuja tone. Ukuta wako naumini kabla sijauona. Vijana wangu watakuja na majembe yao."

Kesho yake kazi ilianza, na safari hii ilikwenda kwa sheria za ufinyanzi. Kichuguu kilichimbwa. Udongo uliloweshwa, ukafunikwa kwa majani, ukaachwa siku tano ulale. Vijana walilalamika. "Siku tano za bure!" Asnath aliwajibu kwamba udongo usiolala huamka ukiwa ndani ya tanuri. Ulipolala vya kutosha, wakaukanyaga kwa miguu, wake kwa waume, na mtu wa kwanza kukunja suruali mpaka magotini alikuwa Mzee Zefania.

Vigae vilitoka kila nyumba: vipande vya vyungu vya bibi, midomo ya mitungi, vikaango vilivyotoboka. Watoto walivikusanya, akina mama wakavitwanga kwenye vinu. Lakini kichuguu kilikuwa kikubwa, na vigae vikaisha kabla udongo haujafika nusu. Kazi ikasimama. Manase aliuliza kama wangeweza kuendelea bila vigae. Asnath akatikisa kichwa. Akaondoka kwenda nyumbani kwake.

Alirudi akiwa amejitwika mtungi, mpya, mzuri, wenye michoro ya mistari shingoni. Nyuma yake walikuja akina mama wanane, kila mmoja na mtungi wake. Ilikuwa ile mitungi ya Asnath iliyokosa wanunuzi, nao wakarudi kuleta iliyobaki. Aliuweka wa kwanza chini, akachukua jiwe.

"Mama Peniel, usivunje!" Zefania alimshika mkono. "Hiyo ni kazi ya mikono yako. Ni riziki yako."

"Mzee, mtungi usiochota maji ni kigae kinachochelewa." Akautoa mkono wake taratibu. "Niache niuwahishe."

Akaupiga. Sauti ya mtungi ukivunjika iliwaingia watu mifupani. Akavunja wa pili, wa tatu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, na mkono haukusita. Mitungi arobaini na miwili ilivunjwa asubuhi ile, na ilipokwisha, hakuna kijana aliyelalamika tena kuhusu siku tano wala siku hamsini.

Matofali yalifyatuliwa, na hayakuanikwa wazi kama yale ya kwanza. Asnath aliamuru ukingo wa mabua ujengwe upande wa upepo, na kila safu ifunikwe kwa majani siku tatu za mwanzo. "Tofali ni kama mtoto mchanga," alisema. "Hatolewi nje siku ya kwanza." Kila asubuhi alipita kati ya safu akiinama, akigusa moja hapa, moja pale, kama mama anayepima homa. Hayakupasuka.

Kuni nazo zilikuwa zimekwisha, lakini mfinyanzi hakuwahi kutegemea kuni. Alitaka samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya alizeti. Unyamsisi ilikuwa na vyote viwili tele. Kila zizi lilifagiliwa. Mikokoteni ikapita barabarani imejaa samadi, ikapita mbele ya mashine ya Alphonce, naye akatoka mlangoni akiwa ameziba pua.

"Jamani! Nasikia mnajenga hekalu la mavi!"

Mzee Zefania alikuwa juu ya mkokoteni wa mbele, suruali ikiwa imekunjwa, tope likiwa limemkaukia mpaka magotini.

"Mavi yanawaka, bwana Alphonce," alijibu bila kusimamisha ng'ombe. "Maneno ndiyo hayawaki."

Moto ulianza mdogo, wa moshi tu, ukatoa unyevu siku nzima. Kisha ukaongezwa, tanuri likawa jekundu tumboni. Likakandikwa udongo, likaachwa lipoe lenyewe. Walitaka kulifungua siku ya tatu. Asnath akakataa. Siku ya nne wakalikagua kwa mkono. Bado lilikuwa na joto. Akakataa tena. Siku ya sita, Jumatano ya wiki ya tatu ya Oktoba, kijiji kizima kilikuwa kiwanjani, Wapresbiteri, Walutheri, Wakatoliki, watu wa msikiti na watu wa kilabuni. Wengine walikuja kuombea, wengine walikuja kucheka. Wote walinyoosha shingo.

Asnath alitoa tofali la kwanza mwenyewe. Lilikuwa jekundu kama suke bivu la mtama. Hakulitazama sana. Aliliinua karibu na sikio, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

Likalia.

Lililia kama mtungi mzima uliookwa vizuri, sauti nyembamba, safi. Zefania akachukua lake, akaligonga, likalia. Mwinjilisti akagonga. Mzee Mughwai akagonga. Punde kiwanja kizima kilikuwa kinagonga matofali na kusikiliza, watu wazima wakicheka kama watoto, vigelegele vikipanda juu mpaka mashine ya alizeti haikusikika tena.

Msingi wa mawe ulikuwa umekwisha kuwekwa. Kuta zikapanda. Mafundi waashi waliunganisha kwa udongo uleule wa kichuguu, akina mama wakapitisha matofali mkono kwa mkono, na vijana wa Mzee Mughwai wakapokezana jukwaani na vijana wa kwaya. Wale kumi na mmoja waliotoroka walirudi mmoja mmoja, wakaanza kubeba bila kuulizwa walikuwa wapi. Jumatatu ya tarehe kumi na nne Novemba, mawingu mazito yakiwa yamejipanga upande wa mashariki, tofali la mwisho la usawa wa renta likakaa mahali pake.

Asubuhi yake Simeoni alikuja na kamba yake ya kupimia, Alphonce akiwa pembeni. Mwenyekiti alipanda ngazi, akapima pembe zote nne, akashuka.

"Zimefika," alisema.

"Kufika si kusimama," alisema Alphonce. "Yale ya kwanza nayo yalionekana matofali." Alichukua nyundo ya fundi, akaenda kwenye pembe, akapiga kwa nguvu zake zote. Nyundo ikaruka nyuma, nusura imguse paji la uso. Ukutani palibaki alama nyeupe isiyozidi ukucha.

Alphonce aliitazama nyundo, akautazama ukuta, kisha akamtafuta Asnath kwa macho.

"Shikamoo, mama," alisema. Hakuwahi kumwamkia kabla ya siku hiyo.

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kujenga duka. Utanionjea udongo?"

"Nitakuonjea. Lakini si kwenye kiwanja hiki."

Vicheko vilikuwa havijaisha mvua ilipoanguka. Ilikuja yote kwa pamoja, kama iliyokuwa inangojea idhini ya mwenyekiti. Hakuna aliyekimbia. Kuta zilikuwa bado hazina paa, na kila mtu alijua kwamba mvua ya saa moja hulirudisha tofali baya kwenye tope lilikotoka. Walisimama wameloa chapachapa, wakitazama. Maji yalipiga, yakatiririka, yakaondoka mekundu kidogo, kisha yakaondoka meupe. Kuta zilibaki palepale. Manase akaanza wimbo kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, na radi haikumshinda.

Mabati yalifika Januari. Kanisa lilipoezekwa, ulifika wakati wa kuchagua wazee wapya. Mzee Zefania alisimama akamtaja Asnath. Mnong'ono ukapita. Katiba ya kanisa haikumkataza mama kuwa mzee wa kanisa, ila Unyamsisi hakuna aliyewahi kumtaja.

"Hajui kusoma," alisema mmoja.

Asnath aliinuka. "Ni kweli, sijui. Kusoma nitafundishwa na Mzee Zefania. Udongo nitamfundisha mimi. Tuone nani atachelewa kufaulu."

Kura zilipohesabiwa, ilikosekana moja tu. Ilikuwa ya Asnath mwenyewe, aliyekuwa amempigia mtu mwingine.

Miaka minne baadaye washirika wa Unyamsisi walipita mia tatu. Makundi manne yalikuwa yamezaliwa katika vijiji jirani, kila moja na kuta zake nyekundu, na hakuna msingi hata mmoja uliochimbwa kabla Mzee wa Kanisa Asnath hajaonja udongo. Mwaka 1999 Presbiteri ililipandisha kundi la Unyamsisi kuwa usharika kamili wenye mchungaji wake. Siku ya sherehe, mgeni mmoja mkubwa kutoka makao makuu alizunguka jengo akilipapasa, akamuuliza Mzee Zefania ni mhandisi gani aliyesimamia kazi ile, na alisomea wapi.

Zefania alinyoosha mkono kuelekea benchi la mbele, alikokuwa ameketi mama mwembamba aliyepinda mgongo, miwani puani, akifuata mistari ya Zaburi kwa kidole chake kikavu, akisoma taratibu lakini bila kuruka neno.

"Mhandisi ni yule," alisema. "Na mimi ndiye niliyemcheka. Andika yote mawili, mheshimiwa, ili wajao wajue: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima."